Mulango Wenye Kuluma: Umeme wa Kambi na Karavani Ndogo

Kama uko na mutoto ao ndugu ku Marekani, pengine alikwisha kukutumia picha ya nyumba ndogo nyeupe yenye kuvutwa nyuma ya gari, na watoto wakikaa mbele yake wanachoma nyama. Ile njo karavani. Ndani muko kitanda, meza, jiko la gazi, frigo, wakati mwengine hata choo. Tangu miaka ya 2010 familia mingi za Wakongo wenye kusema Kiswahili zilipokelewa kule, na makanisa yao yalijifunza desturi ya wenyeji: wakati wa vakansi watu wanalipia karavani kwa siku chache, wanaenda kulala mu kambi pembeni ya ziwa ao mutoni. Wanaomba, wanaimba, watoto wanaogelea.

Nilikwenda na mimi mara moja. Ilikuwa mwezi wa 7 mwaka 2019, mu jimbo la Kentucky, kwa mudogo wangu mwenye kuishi kule pamoja na bibi yake na watoto wane. Ninataka kukuelezea jambo lililotufikia ku ile kambi, kwa sababu mbili. Ya kwanza: ndugu zako wa kule wanaweza kukutana nalo kesho. Ya pili: nilipolielewa vizuri, niliona kama liko hata huku kwetu, Kolwezi, Likasi, Kipushi, mu vitu tunavyovishika kila siku.

Na ninapaswa kuungama kwanza. Mimi nilifanya kazi ya umeme miaka 26 mu atelie za migodi. Kwa hiyo usifikiri ya kwamba ni mutu asiyejua ndiye alifanya kosa. Ni fundi.

Asubuhi ya mvua

Tulifika jangwani (ninasema jangwa, lakini ni pori lenye kukatwa majani vizuri, kila familia na nafasi yake) karibu na magaribi. Ku kila nafasi kuko nguzo fupi yenye kisanduku cha chuma, na ndani yake prizi za umeme. Mudogo wangu akatoa kable nene ya karavani, akaitia mu prizi, akapandisha disjonktere. Taa zikawaka, frigo ikaanza kunguruma. Watoto wakapiga mikono. Hakuna mutu aliyepima kitu. Mimi nilikuwa nimekaa ku kiti, ninakunywa chai, ninajiambia: hawa watu wako na mupango, kila kitu ni tayari.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi binti mudogo wa ile nyumba, mwenye miaka 7, akatoka bila viatu kwenda kuangalia ziwa. Aliporudi, akashika mukono wa mulango, akaruka nyuma.

«Baba mukubwa, mulango unaniluma.»

Nilikuwa ndani, na viatu ku miguu. Nikaweka mukono wangu ku ule mulango, sikusikia kitu. Nikamuambia, «Ni bule, mama. Ni baridi tu. Ingia.» Akakataa. Akasimama mu majani yenye maji, analia. Kaka yake akamuchekelea, akaenda kushika mulango kusudi amuonyeshe ya kwamba yeye ni mwanaume. Na yeye akaruka.

Mudogo wangu akasema: «Yaya, hii kuran yao ni volti 120 tu, haiue mutu.» Na mimi, fundi, sikumujibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa karibu kukubali.

Ku nafasi ya pembeni kulikuwa muzee mumoja muzungu, peke yake na imbwa wake. Kentucky ni inchi ya makaa ya mawe, na yule muzee alikuwa amefanya kazi ya umeme chini ya udongo mu migodi ya makaa mupaka kupata pansheni. Aliona mutoto amesimama kwa mvua na hataki kupanda. Akamuuliza, mutoto akamuelezea kwa Kiingereza chake kizuri. Muzee hakutusalimia hata. Alienda mbio ku nguzo, akashusha disjonktere yetu. Kisha njo akageuka na kusema: «Mutoto akisema chuma kinamuluma, unazima kwanza, unauliza nyuma.»

Sikusahau ile sauti.

Kitu gani kilikuwa kinaluma?

Karavani ni sanduku la chuma lenye kusimama juu ya mipira. Mipira ya magurudumu haipitishe umeme. Kwa hiyo lile sanduku haligusi udongo. Kitu kimoja tu kinaliunganisha na udongo: waya wa tatu ndani ya kable, ule mafundi wetu wanaita «tere». Ule waya unatoka ku mwili wa karavani, unapita mu fishi, unafika ku nguzo, na kule unaunganishwa na mitambo yote ya kambi. Kazi yake ni kungoja. Siku umeme unapotoroka mu chombo fulani na kugusa chuma cha karavani, waya wa tere unaukamata na kuurudisha haraka mahali ulipotoka. Kama ule wenye kutoroka ni mwingi, disjonktere inaanguka. Kama ni kidogo, unapita mu waya na hakuna mutu anayeusikia.

Sasa fikiri ule waya umekatika. Umeme wenye kutoroka unabakia ku chuma, unajaa karavani nzima, mulango, ngazi, hata mukono wa kuvutia ku gari. Unangoja njia ya kwenda ku udongo. Yule mutoto, miguu bila viatu mu majani yenye maji, na mukono ku mulango, njo alikuwa ile njia. Mimi nilikuwa ndani, na viatu vya kauchu. Mwili wangu wote ulikuwa ku kipimo kimoja na ile chuma, kama ndege juu ya waya. Ni sababu sikusikia kitu. Mutu mwenye kuwa ndani hawezi kuhukumu kwa mukono wake. Andika hii mu kichwa.

Na ule usemi wa «volti 120 tu»? Umeme wenye kuua hauhesabiwe kwa volti peke yake, unahesabiwe kwa ule wenye kupita mu mwili. Sehemu moja ya elfu ya amperi, mutu anaanza kusikia. Kumi za elfu, vidole vinaweza kukataa kuachilia. Kuanzia 30, na zaidi ku 50 ao 100, moyo unaweza kupoteza mwendo wake. Ngozi kavu inazuia vizuri. Ngozi yenye maji haizuie. Mutoto wetu aliruka kwa sababu alishika kwa ncha ya vidole na akaachilia. Kama angeshika kwa kiganja kizima, na mwili wote umelowana kutoka mu ziwa, sitaki kuendelea.

Yule muzee alikuwa na kalamu ya plastiki yenye kupima umeme bila kugusa. Alituweka sisi wote mbali, akapandisha disjonktere kwa dakika moja, akasogeza kalamu karibu na ukuta wa karavani. Mbele hata ya kugusa chuma, ikaanza kulia. Akachoma kijiti cha chuma mu udongo wenye maji, akapima na voltimetre kati ya kile kijiti na mulango: karibu volti 90. Kisha akaanza kuzima vyombo vya ndani, kimoja kimoja. Alipozima chombo cha kupashia maji moto, sindano ikaanguka karibu ku sifuri. Sawa. Umeme ulikuwa unatorokea pale. Lakini kwa nini tere haikuukamata? Mutumishi wa kambi akaja, akakata umeme wa ule mustari, akafungua nguzo. Waya wa tere ulikuwa umekulwa na kutu, umetoka ku visi yake, unaning'inia. Hatujui tangu lini. Pengine familia kumi zilikwisha kulala pale mbele yetu, na vyombo vyao vilikuwa vizima, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Makosa mawili, kila moja peke yake haionekane. Mvua na mutoto bila viatu njo vilikuja kuyaunganisha.

Kontena ya duka na mikro ya kwaya

Wewe msomaji wa huku unaweza kusema: mimi siko na karavani. Ni kweli. Lakini angalia barabara yako. Ni kontena ngapi zilifanywa duka, salo ya kukata nywele, biro ya kampuni? Kontena ni chuma, imewekwa juu ya briki ao mbao, na ndani mumeingizwa waya mbili tu kutoka ku nyumba ya jirani, bila tere. Ile ni karavani kabisa. Waya mumoja ukikwaruzwa pale unapopita mu tundu la chuma, kontena nzima inapata kuran, na hapa kwetu ni volti 220. Wakati wa kiangazi hakuna anayesikia. Mvua ya kwanza ya mwezi wa 10 njo inakuja kusema. Ikiwa uko na kontena, inaomba pale waya unapoingia uweke mupira ao tiyo ya plastiki, na inaomba fundi akutengenezee tere ya kweli: fimbo ndefu ya chuma mu udongo, waya mwenye kukazwa vizuri ku mwili wa kontena, pamoja na disjonktere diferansiele, ile yenye kukata yenyewe wakati umeme kidogo unapotoroka. Ile ya sehemu 30 za elfu za amperi njo inalinda mutu. Ile ya 300 inalinda nyumba na moto, mutu hapana. Fimbo peke yake bila ile disjonktere haitoshe, kwa sababu udongo mukavu unapitisha umeme vibaya na disjonktere ya kawaida haitaanguka.

Na ninyi vijana wa kwaya, munajua ile mikro yenye kupiga midomo? Mutu anashika gitaa, anasogeza midomo ku mikro, anapigwa kidogo, watu wanacheka. Sababu ni ile ile. Amplifikatere ya gitaa na meza ya sauti zimechomekwa ku prizi mbili tofauti, moja iko na tere, nyingine haina, ao mutu alivunja kidole cha tere cha fishi kusudi iingie mu prizi ya zamani. Mwimbaji anakuwa waya wa kuunganisha mashini mbili. Kuna waimbaji wenye kuwa na jina mu dunia waliokufa hivi juu ya jukwaa. Mwaka 1972, Leslie Harvey, mupiga gitaa wa kikundi Stone the Crows, alikufa ku Swansea mu inchi ya Wales wakati aliposhika mikro kwa mikono yenye maji, na vyombo havikukuwa na tere nzuri. Kwa hiyo kama mikro inaluma, musiifunike na musuwari na kuendelea na wimbo. Zimeni.

Prizi za kambi na hesabu yake

Turudie Marekani. Ukifungua kile kisanduku ku nguzo, mara mingi unakuta prizi tatu. Kubwa zaidi, ya meno mane, ni ya amperi 50, kwa mabasi makubwa ya kulala. Ya katikati, ya meno matatu, mawili bapa yenye kuinama na moja ya muviringo, ni ya amperi 30. Hii njo ya karavani ndogo. Ya tatu ni ya kawaida kama ya nyumba za kule, amperi 15 ao 20, na iko na kifungo kidogo cha kujaribu: ile inakata yenyewe kama sehemu 5 hivi za elfu za amperi zinatoroka.

Ile ya amperi 30 inaleta volti 120. Hesabu ni rahisi: 30 mara 120, ni wati 3.600. Ni yote. Kwa fundi wa kwetu hii inachekesha, kwa sababu prizi moja ya jikoni mwetu yenye fizibule ya amperi 16, kwa volti 220, inatoa wati 3.520. Maana yake karavani nzima ya Marekani iko na nguvu ya prizi yetu moja.

Sasa mama wa nyumba anaamuka asubuhi. Klimatizere iko inazunguka tangu usiku: wati 1.500 hivi. Chombo cha maji moto: 1.400. Anaweka birika ya umeme: 1.500. Jumla 4.400. Disjonktere inaanguka, anairudisha, inaanguka, anairudisha. Mara ya tatu mume anakasirika na kusema nguzo ni mbaya. Nguzo ni nzuri. Ni mahesabu yanakataa. Inaomba kuchagua: unazima klimatizere dakika tano, unachemusha maji, unairudisha. Ao unapasha maji kwa gazi, kwa sababu karibu kila karavani iko na ile njia ya pili. Na kwa kazi ya masaa mingi, mafundi hawapendi kupita amperi 24 ku ile prizi ya 30, kusudi fishi isipate moto.

Juu ya moto wa fishi, kuna jambo lenye watu waliotoka kwetu hawalijue. Kule volti ni kidogo, kwa hiyo kwa kazi ile ile amperi ni mingi. Birika ya wati 1.500 huku kwetu inakula karibu amperi 7. Kule inakula 12 na nusu. Na moto wenye kuzaliwa ku waya ao ku fishi mbaya hauongezeke kama amperi tu, unaongezeka kwa amperi mara amperi. Fishi yenye kulegea kidogo, ambayo hapa ingekuwa vuguvugu, kule inapata moto zaidi ya mara tatu. Ni sababu tunaona prizi nyeusi, zenye kuyeyuka, ku nguzo za zamani. Meno ya fishi yako yakianza kuwa meusi ao ya rangi ya shaba yenye kuungua, usiyafute tu na kurudisha. Badilisha.

Nguvu kidogo ni mbaya, nguvu nyingi ni mbaya zaidi. Siku ya jua kali, saa tisa ya muchana, kambi yote inawasha klimatizere, na nguzo ya mwisho ya mustari inapata volti 110, 105, wakati mwengine chini zaidi. Hii munaijua, ninyi wenye kuchomesha frigo wakati kuran inashuka magaribi. Motere inashindwa kuzunguka, inavuta amperi mingi, inaungua. Chini ya volti 104 hivi, zima klimatizere. Kuko kisanduku cha kulinda, unakitia kati ya nguzo na kable yako, kinapima chenyewe, kinakata chini ya 104 na juu ya 132, na kinakataa kufungua kama tere haiko ao kama waya zilibadilishana. Kinauzwa dola 200 ao 300 hivi. Ni bei ya kuumiza, lakini karavani yenye kuunguzwa inaumiza zaidi. Chunga tu: kuko vingine vya bei rahisi, vyenye kuzuia radi peke yake, havipime kitu.

Volti mingi inatoka mara mingi ku mapendo. Ninasema kweli. Kanisa linangojea muhubiri mwenye kuja na karavani yake, na ndugu mumoja fundi anajitolea kuweka prizi ya amperi 30 inje ya kanisa. Anaona meno matatu, amperi 30, anafikiri ni kama ile ya mashini ya kukausha nguo, ambayo kule inatumia volti 240. Anaunga waya mbili za moto. Mugeni anachomeka, na mu sekunde chache televizio, mikroondo na chombo cha kujaza batri vimekufa. Ile prizi ya karavani ni waya mumoja wa moto, mumoja wa nutri, na tere. Volti 120, si zaidi. Kama ndugu yako ni fundi kule, mumwambie hii mbele ya yote.

Kable, ralonji na vile vipande vya kuunganisha

Kable yenyewe ya karavani ni nzuri. Matata inaanza wakati ni fupi. Mutu anaenda kuchukua ralonji ya nyumbani, ile nyembamba ya kuchomeka taa za Noeli. Ku Marekani unene wa waya unahesabiwa kinyume: namba ndogo ni waya munene. Kwa amperi 30 inaomba namba 10, ambayo ni karibu milimetre 5 za mraba kwa hesabu yetu. Ile ya taa za Noeli ni namba 16 ao hata chini ya pale, milimetre 1,3. Huku hata kwa prizi ya kawaida tunatumia 2,5, kwa taa 1,5. Kwa hiyo unaona.

Usiache kable yenye kubakia ikizungushwa kama nyoka wakati inafanya kazi, maana moto unabakia katikati na mupira unayeyuka. Itandaze. Usiipitishe chini ya tapi ya mulango, kwa sababu watu wanaikanyaga na hauoni. Na mahali pa kuunganisha kable mbili pasilale mu majani. Tundika juu ya jiwe ao ku mguu wa meza.

Kuko vipande vya kugeuza prizi moja kuwa nyingine. Kile cha kutoa 30 mu prizi ya 50 si kibaya: karavani inapata volti 120 zake, lakini kumbuka disjonktere ya nguzo sasa ni ya 50, itachelewa kuanguka kwa ajili ya kable yako ya 30. Kile cha kutoa 30 mu prizi ya nyumba ya amperi 15 kinafanya taa na frigo, na kujaza batri. Klimatizere na birika, sahau. Kile chenye kuvunjwa kidole cha tere, kitupe mu takataka mbele ya watoto wako, waone.

Namna tulifanya ku nguzo ya pili

Walituhamisha nafasi. Mara hii nilifanya mimi, na yule muzee akikaa ku kiti changu, anakunywa chai yangu.

Kwanza macho. Kisanduku kimevunjika? Kuko wadudu ndani, maji, harufu ya kuungua, prizi nyeusi? Kama ndiyo, unaita mwenye kambi, haufungue wewe mwenyewe na bisibisi, hata kama ni fundi. Kisha unashusha disjonktere zote za nguzo. Ndani ya karavani unazima vyombo vyote vikubwa. Unachomeka kipimo mu nguzo, unapandisha, unasoma. Kuko kidogo chenye taa tatu, cha bei rahisi: kinaonyesha kama tere iko, kama waya wa moto na nutri zilibadilishana. Hakione kila kitu, kuko ufundi mbaya wenye kukidanganya, ndiyo sababu muzee alitumia na kalamu nyuma. Unashusha tena. Unatia kable ku karavani kwanza, unazungusha mupaka ikaze, kisha ku nguzo, na mwisho njo unapandisha disjonktere. Kwa namna hii fishi haikutane na umeme mukononi mwako.

Kisha unatoka inje, unapitisha kalamu ku mulango, ku ngazi, ku mukono wa kuvutia. Ikinyamaza, watoto wapande. Nyuma ya nusu saa unarudi kugusa fishi: vuguvugu kidogo ni sawa, ikiwa haiwezi kushikwa, zima.

Kuna mutego mumoja tena. Taa za ndani za karavani zinatumia batri ya volti 12. Taa zikiwaka, haimaanishe ya kwamba nguzo inafanya kazi. Jamaa fulani walilala wakifikiri wako na umeme, na asubuhi batri imekufa na frigo imeozesha nyama yote. Angalia saa ya mikroondo: kama haiwake, nguzo haileti kitu.

Na kama mutu amekamatwa? Usimushike. Ku nguzo, shusha disjonktere, iko hatua chache. Ikiwa hauwezi kuifikia, simama mahali pakavu, umusukume na mbao kavu ao kiti cha plastiki. Kama hapumue, unaita musaada na unaanza kusukuma kifua chake, katikati, kwa nguvu na haraka, mara mia moja mupaka 120 kwa dakika, bila kuacha mupaka waganga wafike. Hata akisimama na kucheka, umupeleke ku hospitali, kwa sababu moyo unaweza kufanya matata nyuma ya masaa. Sisi tulipeleka watoto wetu wawili. Walipimwa, walikuwa wazima. Chombo cha maji moto hatukukigusa tena kwa umeme; tulioga maji ya gazi, na mwenye karavani alikibadilisha nyuma.

Siku ya kuondoka unafanya kinyume: vyombo vya ndani, disjonktere, fishi ya nguzo, na mwisho ile ya karavani. Muzee alikuja kuaga. Alimupatia binti yetu ile kalamu, akamuambia ni yake sasa. Tuliporudi mu nyumba yao ya muji, alipitisha ile kalamu ku frigo, ku mashini ya nguo, ku mulango wa gari ya baba yake. Mwaka uliofuata walirudi ku kambi, mimi sikukuwako, lakini mudogo wangu alinielezea mu telefone. Wote walikuwa tayari kuingia, mvua inakaribia, na yule mutoto amesimama mbele ya mulango na kukataza watu. Akapitisha kalamu juu, chini, ku mukono wa mulango. Ikanyamaza. Njo akasema, «Sasa mupande,» na yeye akapanda wa mwisho.